Shairi Lililomwangusha Pacha

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumanne, nilituma shairi langu kwa simu. Najua saa hiyo kwa sababu simu huiandika yenyewe chini ya ujumbe, na baadaye watu wengi walitaka kuiona. Nilikuwa nimelisoma kwa sauti yangu, polepole, nikiwa nimefunga mlango wa ghala ili kelele za mashine zisiingie. Lilikuwa shairi fupi la harusi. Nilimtumia kijana aliyekuwa akimposa mtoto wa dada yangu, kwa kuwa aliniomba alisikie kabla ya siku yenyewe.

Asubuhi hiyo kijana alikuwa mtaa wa Kinindo, nyumbani kwa shangazi yake aliyemlea. Alifurahi kulipata hata akaweka simu juu ya ukuta wa baraza na kuongeza sauti mpaka mwisho, ili nyumba nzima isikie. Shangazi alitoka jikoni. Kaka wa kijana huyo alikuwa juu ya ngazi, anatoa majani makavu kwenye mfereji wa bati kabla mvua hazijaanza. Sauti yangu ikasema:

Jua lapanda mlima, mwezi washuka ziwani,
Mmoja anasimama, mwenzake alala chini,

na hapo hapo kaka akaanguka pamoja na ngazi yake, akalala chini. Mguu wa kulia ulivunjika juu kidogo ya kifundo.

Simu haikujua lolote. Iliendelea kusoma:

Chumvi na sukari njema, zakutana mkononi,
Mungu alishayapima, hayarudi mizanini.

Baadaye shangazi aliniambia kwamba hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Mtoto analia pale chini, watu wanakimbia huku na huku, na mimi pale ukutani nasema bila haraka kwamba Mungu alishayapima.

Habari ilinifikia kabla ya saa sita. Mpwa wangu alipiga simu akiwa katikati ya kulia na kucheka, hali ambayo kwa simu ni vigumu kuielewa. Nilipata mambo matatu: mguu, ngazi, na kwamba shangazi ya mchumba wake amesema hakuna harusi.

Inafaa niseme mimi ni nani katika jambo hili. Mimi ni mtunza ghala kwenye mashine ya kukoboa mpunga, Buterere, karibu na mashamba. Kazi yangu ni kupima: mpunga unaoingia, mchele unaotoka, chenga za mchele uliovunjika zinazouzwa kwa akina mama. Shule niliiacha mapema, na mengine niliyojua niliyapata kwenye vitabu vilivyotumika, vinavyouzwa chini kwenye turubai. Kanuni za ushairi nilijifunza kutoka kitabu kisicho na jalada wala sura ya kwanza, kwa hiyo mpaka leo najua kila kitu kuanzia sura ya pili. Najua kwamba mstari una vipande viwili, kwamba kila kipande kiwe na mapigo manane ya sauti, na kwamba mwisho wa vipande uitikiane kwa kina. Kanuni hizo zinanipendeza kwa sababu zinapimika.

Mpwa wangu anafundisha shule ya msingi. Baba yake alifariki zamani, na mimi, mjomba, ndiye niliyekaa mahali pake. Katika siku ya mahari, kwetu, maneno ni mengi. Msemaji wa upande wa kijana anakuja kama mtu aliyepotelewa na mtamba, msemaji wa upande wa binti anajifanya hapa hakuna mifugo kabisa, wanazungushana mpaka soda zinapata moto. Mimi sina kipaji cha kuzunguka. Niliomba kitu kimoja tu: nafasi ya kusoma ubeti mmoja. Ukumbi ulikuwa tayari umekodiwa na malipo ya awali nilikuwa nimeyatoa mimi, na mwenye ukumbi alinieleza mbele ya mashahidi kwamba siku ikibadilika, hayarudi.

Shairi lenyewe nililijenga kwa vitu viwili viwili vinavyopingana. Jua lilikuwa kijana, ambaye ukoo wake umetoka milimani, upande jua linakochomoza kwetu hapa. Mwezi alikuwa mpwa wangu, aliyezaliwa Kajaga, hatua chache kutoka majini, upande mwezi unakozamia. Nilitaka kusema kwamba vitu vilivyowekwa mbali hivyo, kimoja juu na kimoja chini, havikutani kwa bahati. Vimepangwa. Mstari wa mwisho niliutoa kazini. Kwetu ghalani gunia likishapimwa na kukubaliwa halirudi kwenye mizani, la sivyo ugomvi hauishi. Niliona majaliwa ni hivyo hivyo. Niliridhika sana na mstari ule.

Kesho yake mchana nilienda Kinindo na mpwa wangu. Nilibeba kreti ya soda, na boksi la viatu vyeusi nilivyokuwa nimemnunulia kijana kwa siku ya mahari. Nilifikiri zawadi ingelainisha mazungumzo.

Mgonjwa alikuwa barazani, juu ya godoro, mguu ndani ya plasta nyeupe kama ukuta mpya. Alikuwa mfupi na mnene, tofauti kabisa na mchumba wa mpwa wangu, ambaye ni mrefu na mwembamba. Alinyoosha mkono akiwa amelala.

"Karibu, Mujomba! Unisamehe siinuki. Ulishasema nilale chini."

"Pole sana, kijana wangu."

"Pole ya nini? Shairi yako iko na nguvu. Andika ingine, sema nimepata gari."

Shangazi alitoka. Alikuwa mama mwenye miaka kama sabini, mkunga mstaafu, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri kama cha Jumapili. Aliniangalia kwanza mimi, halafu kreti, halafu boksi.

"We ndiye mwenye sauti?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Sauti ni nzuri. Maneno ndiyo mabaya. Kaa." Alifungua boksi kwa kidole kimoja. "Hivi ni viatu vya nani?"

"Vya mkwe wetu, Mama. Pea moja."

"Pea moja," alirudia, akamwangalia mgonjwa. "Unaona? Mutu huyu kila kitu analeta kimoja."

Sikuelewa. Nilimwangalia mpwa wangu, naye akaangalia soda.

"Hawakukwambia kwamba hawa ni mapacha?" akauliza shangazi.

"Niliambiwa ana kaka."

"Ni kaka yake kweli," mpwa wangu alisema kwa sauti ndogo. "Sikusema uongo."

"Kaka wa siku moja," alisema mgonjwa kutoka godoroni. "Mi nilichelewa dakika kidogo, nilikuwa natafuta viatu."

Kwetu Burundi mapacha wana majina yao, na mtu akisikia moja anajua papo hapo kwamba mahali fulani kuna la pili. Lakini nyumbani kwetu kijana yule tulimjua kwa jina la ubatizo tu, na sura zao hazifanani hata masikio. Hivyo nilikuwa nimeandika shairi la vitu viwili, kimoja kikisimama na kingine kikilala chini, nikalituma kwenye nyumba ya mapacha.

Shangazi alinieleza bila hasira, kama anavyoelezwa mtu aliyetoka mbali. Aliwapokea mwenyewe kwa mikono yake, mama yao hakuishi, akawalea. Tangu siku ile, hakuna kitu cha peke yake kilichoingia kwa mmoja wao. Akinunua kaptura, ni mbili. Akimpa mmoja ndizi na mwingine amelala, ndizi ya pili inawekwa karibu na mto. Mapacha hawapimwi, hakuna anayeambiwa ni bora, hakuna anayetajwa kwa kushuka wakati mwenzake anapanda.

"Na nikimchapa mumoja," alisema, "namchapa na wa pili."

"Sehemu hiyo ya mila," alisema mgonjwa, "haikuwahi kunipendeza."

Nilijitetea kwa utaratibu. Nilisema kuanguka na shairi ni mambo mawili yaliyokutana saa moja. Nilisema pia kwamba katika shairi lile jua si pacha na mwezi si pacha. Jua ni bwana harusi, mwezi ni bibi harusi.

"Aa," alisema shangazi. "Kwa hiyo anayelala chini ni mutoto wako huyu?"

Mpwa wangu aliinua kichwa.

"Ni mfano, Mama. Mwezi unashuka, ni kawaida yake."

"Basi tugeuze. Huyu binti awe jua, mutoto wetu awe mwezi. Nani yuko chini sasa?"

"Mtoto wenu."

"Ugeuze tena, uweke hawa wawili wa kwangu."

Aliyegeuza ni yeye, lakini niliyeona ni mimi: kila alipobadilisha watu, shairi lilimwinua mmoja na kumbwaga mwingine. Nilikuwa nimefikiri kwamba vitu vinavyopingana vimekaa sawa kwa kuwa tu viko viwili. Havikukaa sawa. Kila jozi niliyoiandika ilikuwa na wa juu na wa chini, na bila kufikiri nilikuwa nimempa mtoto wa dada yangu nafasi ya chini.

"Na Mungu," aliendelea, akifungua soda kwa ajili ya mgonjwa, "Mungu umemuweka mwisho, kama askari wa mulango. Mutu ameanguka, unamwambia Mungu alishapima. Atajibu nini?"

"Hana la kujibu, Mama."

"Ndivyo ulivyotaka."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeupenda mstari ule kwa sababu baada yake hakuna anayeweza kubishana.

Kisha alitoa uamuzi wake. Alisema shairi lile limezaliwa peke yake, na kitu cha peke yake hakiingii kwa watoto hawa. Nilipatie pacha. Lisomwe na wote wawili, na asiwepo wa kwanza wala wa pili. Nikilileta Jumapili likiwa hivyo, mahari itafanyika siku iliyopangwa, Jumamosi inayofuata. Nikishindwa, watangoja mpaka mgonjwa asimame kwa miguu yake miwili.

Hapo utani uliisha. Plasta ilikuwa ikae mpaka baada ya mwaka mpya, na bwana harusi alikuwa anahamishwa kikazi kusini mwa nchi kabla ya hapo. Mpwa wangu alikuwa ameomba uhamisho wa shule ili wahamie pamoja, na ofisi ilimkubalia kwa sharti kwamba awe ameolewa. Ikipita Jumamosi ile, kijana angeenda peke yake na yeye angebaki, na ombi jipya lingesubiri mwaka mwingine wa shule.

Tulitembea mpaka barabarani. Kwenye kona akanishika mkono.

"Mujomba, utaweza?"

"Nitajaribu."

"Apana kujaribu, Mujomba. Mi sikukwambia ujaribu. Nakuuliza kama utaweza."

"Nitaweza," nilisema, bila ushahidi wowote.

Usiku ule sikuandika. Huwa siandiki nikiwa nimeudhika, mizani ya maneno inapotea. Alhamisi, saa ya chakula, nilianza. Kwanza nilifanya lililoonekana rahisi: niliandika ubeti wa pili uliokuwa kinyume cha wa kwanza. Mwezi ukapanda, jua likashuka, sukari ikatangulia chumvi. Nikaweka karatasi mbili mezani na kujiuliza kama ni mapacha. Hazikuwa. Moja ilikuwa shairi na nyingine ilikuwa shairi lile lile likitembea kinyumenyume. Tena ni lazima moja isomwe kabla ya nyingine, na aliyesoma baadaye angekuwa amekuja kusahihisha. Nilijaribu vitu visivyo na juu wala chini, nikapata kijiko na uma. Dada yangu alisoma akasema hiyo ni orodha ya vyombo, si harusi.

Alhamisi ikawa imekwisha namna hiyo.

Ijumaa asubuhi nilifungua ghala kama kawaida. Tunayo mizani kubwa ya kisasa ya magunia, lakini chenga za akina mama bado tunazipima kwa mizani ya zamani ya sahani mbili, na kila asubuhi naijaribu kabla ya mteja wa kwanza. Naweka jiwe la kilo kushoto na mchele kulia mpaka mikono ilingane. Wengi wangeishia hapo. Mimi nafanya jambo moja zaidi: nabadilisha, mchele nauweka kushoto na jiwe kulia. Mizani yenye mkono mmoja mrefu inaweza kuonekana sawa upande mmoja, lakini ukigeuza, inalala. Mizani ya haki inabaki sawa hata ukibadilisha sahani.

Nilikuwa nimeshika jiwe mkononi nilipotambua kwamba hilo ndilo alilonifanyia yule mama barazani kwake. Alibadilisha sahani za shairi langu, likalala.

Mama wa kwanza alipofika alinikuta nimesimama.

"Mzee, leo unapima nini, hewa?"

"Subiri kidogo, Mama, nimepata kitu."

"Nami nimekuja kupata kilo mbili."

Nilimpimia, nikampa na kiganja cha ziada kwa furaha, jambo ambalo halijawahi kuandikwa katika historia ya ghala lile, naye alilitangaza kwa foleni nzima.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya ufundi. Shairi lenye kina kimoja katikati na kingine mwishoni haligeuki, kwa sababu ukibadilisha vipande, vina vinachanganyika. Basi niliacha vina viwili nilivyojivunia nikabaki na kimoja tu, mwanzo hadi mwisho. Kitabu changu kisicho na jalada kingesema nimeshuka daraja. Niliacha pia maneno yote ya kupanda na kushuka. Vitu vikae tu, kila kimoja mahali pake. Jioni nilikuwa na hili:

Jua liko mlimani, mwezi wang'aa ziwani,
Huyu yuko mlangoni, yule yuko dirishani,
Chumvi iko mkononi, sukari iko kinywani,
Wote wamo mizanini, hakuna aliye chini.

Niligeuza kila mstari. Mwezi wang'aa ziwani, jua liko mlimani. Yule yuko dirishani, huyu yuko mlangoni. Hakuna aliye chini, wote wamo mizanini. Lilibaki sawa. Nikaligeuza tena nikiwa nimesimama, kisha nikaenda kumwonyesha dada yangu, ambaye alisema sasa anaona watu.

Jumapili baada ya misa tulirudi Kinindo. Nilibeba kreti ya soda ya pili, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kujifunza. Shangazi alichukua karatasi, akavaa miwani, akasoma akitikisa kichwa kidogo kwenye kila kituo. Alifika mwisho akarudi mwanzo.

"Mungu ameenda wapi?"

"Ndiye anayeshika mizani, Mama. Safari hii sikumtaja."

"Afadhali. Alikuwa amechoka." Akamgeukia bwana harusi. "Someni."

Nilikuwa nimepanga hivi: bwana harusi aanze kipande cha kwanza, kaka yake aitikie cha pili, kisha warudie kwa kugeuza, kaka aanze. Walisoma hivyo. Lilisikika vizuri. Shangazi alitikisa kidole.

"Huyu ameanza."

"Lakini wa pili naye ameanza mara ya pili, Mama."

"Mara ya pili ni ya pili. Nilisema nini?"

Mpwa wangu alifumba macho. Sikuwa na mpango mwingine. Nilihesabu vipande kwa vidole kana kwamba vingeongezeka. Aliyetuokoa ni mgonjwa.

"Tuanze wote," alisema. "Yeye aseme ya kwake, mi niseme ya kwangu, pamoja. Halafu tubadilishane."

"Hakuna mtu atakayesikia neno," nilisema.

"Shangazi hakuomba kusikia. Aliomba asiwepo wa kwanza."

Walijaribu. Mmoja alisema jua liko mlimani wakati mwingine anasema mwezi wang'aa ziwani, kisha wakabadilishana. Katikati palikuwa na vurugu, jua na mwezi vimekanyagana. Lakini vipande vyote vina mapigo manane na vyote vina kina kimoja, kwa hiyo kila mara walipofika mwisho, walifika pamoja. Ilikuwa fujo, halafu *ni*. Fujo, halafu *ni*. Sikuwa nimelipanga hilo. Nilikuwa nimehesabu kila kitu katika ubeti ule isipokuwa jambo lililoufanya ukubalike.

Shangazi alisikiliza amefumba macho, mikono magotini. Waliponyamaza alisema:

"Sikusikia kitu. Ni vizuri sana."

Kisha mgonjwa akakohoa, akasema ana jambo la kusema kabla hatujanywa. Siku ile juu ya ngazi alikuwa ameshika mfereji kwa mikono miwili. Aliposikia shairi limeanza alipenda, akaachia mkono mmoja ili awapungie waongeze sauti.

"Kwa hiyo," alisema shangazi, akiniangalia, "ni shairi."

Nilikuwa bado na hoja yangu kwamba yalikuwa mambo mawili yaliyokutana. Niliiweka mfukoni. Lakini nilipokuwa nakunywa soda nilimwangalia yule kijana na mguu wake mweupe, nikafikiri kwamba kama asingependa ubeti mbaya asingeanguka, na kama asingeanguka ningesimama mbele ya watu na kumlaza mpwa wangu chini kwa vina safi. Sijui hilo linaitwaje. Zamani ningeandika kwamba limepimwa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wasemaji walizungushana kama kawaida yao. Wa upande wao alisema wamefuata nyayo za mtamba mpaka mlangoni petu. Wa kwetu aliuliza kama wana uhakika si nyayo za mbuzi. Mapacha walikaa pamoja mbele, mmoja na mguu wake juu ya kigoda chenye mto. Ilipofika zamu ya shairi nilisimama, nikasema neno moja la utangulizi, nikakaa. Sikulisoma mimi.

Walisoma wao, pamoja. Watu walianza kucheka kwenye mstari wa kwanza, kwa sababu hawakuelewa. Kwenye mstari wa pili walikuwa wameshalishika lile *ni*, na kwenye wa tatu ukumbi mzima ulikuwa ukilisema pamoja nao, hata wahudumu wenye trei. Walipomaliza, mpwa wangu aliinuka kwenye kiti chake, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Alivuka katikati ya ukumbi, akamwomba shemeji yake karatasi.

"Niazime nafasi yako kidogo."

"Chukua. Lakini uwe macho," alisema yule kijana. "Shairi hii inaangusha."

Akasimama kando ya mchumba wake na wakalisoma kwa namna ile ile, wote kwa mpigo, wakibadilishana. Safari hii watu walinyamaza, na mimi niliyeliandika nilisikia nusu ya maneno tu. La mwisho nililisikia kwa sauti yake: hakuna aliye chini. Nilimtazama shangazi. Alikuwa amevua miwani na anaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Ng'ombe walikubaliwa. Walioana kanisani wiki iliyofuata na wakahamia kusini pamoja. Wananipigia Jumapili, wote wawili kwenye simu moja, kwa pamoja, na sielewi neno.

Zilibaki hesabu, nami napenda kuzifunga. Zawadi ya bwana harusi ilibidi iwe na pacha wake, kwa hiyo nilinunua pea ya pili ya viatu vyeusi, faranga elfu themanini na tano. Kijana mwenye plasta alivaa cha kushoto siku ile, na cha kulia kikabaki ndani ya boksi juu ya kabati la shangazi, kikingoja mwaka mpya. Malipo ya awali ya ukumbi, ambayo yangepotea kama siku ingebadilika, yalikuwa laki tano. Ukitoa viatu, nimeokoa faranga laki nne na elfu kumi na tano.